Chini ya Maji ya Kisite, Nikiiwaza Misitu ya Walikale

Sisi watu wa Masisi, Kongo ya mashariki, tunaijua milima kuliko maji. Ng'ombe, jibini, maharagwe, ukungu wa asubuhi juu ya malisho ya Mushaki: hayo ndiyo tuliyokulia. Ukishika njia ya magharibi ukapita Nyabiondo na Kashebere, malisho yanakwisha na msitu wa Walikale unaanza, nchi ya Wanyanga, ya mito Osso na Lowa, na ya Watwa waliokuwamo humo kabla yetu sote. Mama ni Mnyanga wa huko, baba ni Mhunde wa Masisi. Kuogelea nilijifunzia Ziwa Kivu, pale Goma, kama watoto wengi wa mji ule. Bahari nilikuja kuiona ukubwani. Nilipopata nafasi ya kwenda kuogelea juu ya matumbawe ya Kisite, kusini ya Kenya, nilikwenda na jambo moja la kuuliza. Nilikuwa nimesikia kwamba wanaoongoza wageni kule ni wenyeji wenyewe wa bahari ile. Nilitaka kujua wanaishi vipi na hifadhi iliyotangazwa juu ya maji ya babu zao.

Safari inaanzia Shimoni, kama kilomita 75 kusini ya Mombasa, karibu na mpaka wa Tanzania. Matatu ya kutoka Ukunda hufuata barabara ya Lunga Lunga, kisha hukata kushoto na kupita minazi na mikorosho mpaka gatini. Mji ni mdogo lakini umebeba mengi. Mwishoni mwa karne ya 19 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliweka kituo chake hapa, na chini ya ardhi kuna mapango ambayo wenyeji husimulia kuwa watumwa walifungiwa humo wakingojea majahazi. Niliingia mapangoni kwanza, kabla ya kwenda gatini. Mtu wa Kongo ya mashariki hapiti mahali kama hapo bila kusimama. Misafara ya biashara ya karne ile ilifika mpaka Maniema, jirani zetu, na Kiswahili ninachokiandika hapa kilitufikia pamoja nayo.

Gatini tulipokewa na watu wawili. Nahodha alikuwa mzee wa Kivumba kutoka kijiji cha Wasini, kwenye kisiwa cha jina hilo hilo, na mwongozaji alikuwa kijana wa Mkwiro, kijiji kilicho upande wa pili wa kisiwa hicho hicho. Wavumba na Wachifundi ndio wenyeji wa mkondo ulio kati ya Shimoni na kisiwa hicho. Zamani Vumba ilikuwa na watawala wake, wakiitwa madiwani, na mpaka leo watu wa Wasini na Vanga wana Kiswahili chao, Kivumba, ambacho mgeni hukitegea sikio mara mbili ndipo akashika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Masisi, Kongo. Milimani, juu ya Goma."

"Basi karibu. Ni mbali, lakini lugha imekufikisha."

Kijana alitugawia miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na mapezi ya miguuni, akahakikisha kila mtu amefunga jaketi la kuokolea. Kisha akatoa masharti bila kuzungushazunguka. Usisimame juu ya tumbawe, hata ukichoka. Jilaze chali uelee, mimi nitakuona. Usiguse kitu, usiokote kombe, usiwape samaki mkate. Alieleza sababu ya kila sharti, na hilo lilinipendeza. Tumbawe, alisema, si jiwe. Ni vijidudu vidogo vilivyoshikana kwa maelfu, kila kimoja na mdomo wake, vikijijengea nyumba ya chokaa polepole mno. Mguu mmoja wa mtu mzima unavunja kwa dakika kazi ya miaka mingi.

Ulikuwa msimu wa kaskazi, tena maji mafu, wakati mzuri kuliko yote kwa anayetaka kuona chini. Maji yakiwa ya bamvua, mkondo kati ya Shimoni na Wasini hukimbia kwa nguvu na kuchukua tope. Siku hiyo ulikuwa umetulia. Tulipita kando ya kisiwa, mikoko ikiwa imesimama kwenye maji, mpaka tukatokea bahari kuu, na visiwa vya Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini vikajitokeza mbele yetu. Nyuma, bara, uliinuka Mlima Jombo, na kusini kabisa, kwa kuwa hewa ilikuwa safi, tuliiona safu ya Usambara upande wa Tanzania.

Nilimuuliza mzee anajuaje mwamba ulipo, maana mbele yetu palikuwa na buluu tupu. Alininyooshea kidole nyuma. Kilele cha Jombo kikikaa juu ya ncha fulani ya kisiwa, alisema, huo ni mstari wa kwanza. Kisha utazame ubavuni, uone kisiwa kimoja kinavyoachana na chenzake, huo ni wa pili. Pale mistari inapokutana ndipo penye mwamba. Baba yake alimfundisha alama hizo akiwa mtoto wa kushika kata ya kutolea maji mtumbwini. Kila mwamba una alama zake, na zamani familia ilizificha alama za mwamba wake mzuri hata kwa jirani.

Pomboo walitokea kabla hatujafika. Mzee alipunguza moto wa injini, akageuza boti iende sambamba nao, mbali kidogo. Boti nyingine ilikuwa ikiwakatiza mbele kwa kasi, na mara wote wakazama. "Pomboo akifukuzwa hukasirika akahama," mzee alisema. "Ukienda naye mwendo wake, atakuja mwenyewe kukutazama." Alingoja kwa utulivu, na kweli walirudi, mama na mtoto wake wakiibuka pamoja ubavuni mwetu, pumzi zao zikisikika.

Hapo Kisite boti hazitupi nanga. Zinafungwa kwenye maboya, ili chuma kisiburutwe juu ya matumbawe. Kiingilio cha Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, kilikuwa kimekwisha kulipwa kwa simu. Kijana alijitosa kwanza, nasi tukamfuata.

Mama alitusimulia tukiwa wadogo kwamba maji yana wenyewe. Katika utenzi wa Mwindo wa Wanyanga, uliosimuliwa na Candi Rureke na kurekodiwa na Daniel Biebuyck mwaka 1956, shujaa anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni na baba yake. Lakini hazami akafa. Anakwenda chini ya maji kumtafuta shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, bwana wa vilindi. Nilipoingiza uso majini nikaona dunia nzima ikiendelea na shughuli zake bila kutujali, nilijua mara moja kwa nini mababu walisema kuna mji na mfalme humo.

Ziwa Kivu, pamoja na ukubwa wake, lina aina za samaki zisizofika 30, na hata sambaza tunayoipenda ililetwa kutoka Tanganyika katika karne iliyopita. Hapa Kisite zimeorodheshwa aina zaidi ya 250. Vitatange walipita wawili wawili, wenye rangi ya manjano na nyeusi. Kundi la kangaja lilishuka juu ya mwamba likala majani, likaondoka lote kwa pamoja. Kasa mmoja alipanda kuvuta pumzi, akatupita, akashuka tena bila haraka. Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa sauti. Sikuwa nimetarajia kelele chini ya maji. Ilikuwa sauti ya kutafuna, kavu na ya wazi, na kijana alinionyesha inakotoka: pono, samaki wa rangi ya kijani na waridi, mwenye meno yaliyoungana, akiuma mwamba kavu uliofunikwa na ukoga. Hukwangua ukoga na chokaa yake, husaga vyote, kisha kutoka nyuma yake hushuka wingu la vumbi jeupe. Wingu hilo ni mchanga. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe ambao wageni huutandikia mikeka pwani imepita tumboni mwa pono. Isitoshe, kwa kukwangua hivyo anausafisha mwamba ili tumbawe changa lipate pa kushika. Kijana alisema pale pono walipovuliwa wakaisha, mwamba huota majani, na matumbawe hayarudi.

Kisha alizama peke yake, bila mtungi, akashuka mpaka ubavu wa jiwe moja, akanyoosha kidole. Sikuona kitu. Alipanda akavuta pumzi, akaniambia nitazame mlangoni. Mbele ya tundu kulikuwa na maganda ya kaa na makombe matupu, vimelundikana kama taka nje ya jiko. Hapo ndipo nilipoliona jicho la pweza likinitazama kutoka gizani. "Mama yangu alinifundisha hilo," alisema kijana tukielea. "Maji yakipwa, wanawake ndio walikuwa wakitafuta pweza miambani. Unatazama anachokula, utajua anapolala."

Maneno hayo yalinirudisha Walikale. Nikiwa mtoto nilimwona mzee wa Kitwa akiingia msituni na wajomba zangu. Aliinama penye ganda la tunda lililotafunwa, akaligeuza, akasema mnyama alipita asubuhi hiyo na alielekea mtoni. Wajomba waliishi miaka yote kando ya msitu ule, na hawakuiona alama ile mpaka alipowaonyesha. Elimu ya mzee yule na ya kijana wa Mkwiro ni ya namna moja. Mtu huwa nayo kwa sababu babu zake walikula hapo.

Si kila kitu tulichokiona kilikuwa hai. Palikuwa na sehemu pana za matumbawe yaliyokufa, rangi ya majivu, baadhi yakiwa yameporomoka. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na mengine yakapauka tena mwaka 2016. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia nzima imeingia katika mpauko wa nne wa matumbawe. Ndani ya kila kijidudu cha tumbawe huishi mwani mdogo mno, ambao humlisha mwenyeji wake na kumpa rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi na kwa muda mrefu, mwani hutoka, tumbawe hubaki jeupe, na joto lisiposhuka hufa kwa njaa. Joto hilo halikuwashwa na wavuvi wa Mkwiro. Hata hivyo wao ndio wanaoingia majini kulitibu jeraha. Vikundi vya wavuvi vya Wasini na Mkwiro, pamoja na watafiti, vimekuwa vikiotesha vipande vya matumbawe kwenye vitalu vya chini ya maji na kuvihamishia kwenye miamba ya kutengenezwa. Kijana wetu ni mmoja wa wanaofanya kazi hiyo. Alizungumza juu ya vipande vyake kwa majina ya mahali alipovipanda, na uso wake ulikuwa wa mkulima anayetaja shamba lake.

Tulipopanda botini nilimuuliza mzee swali lililonileta. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba wazee wao walipokea hifadhi kwa uchungu. Kisite ilikuwa mahali pao pa kuvua, na hakuna mvuvi anayefurahi kuambiwa asitie mshipi alipotia baba yake. Walipinga. Mwisho wa mivutano, mwaka 1978, bahari iligawanywa sehemu mbili. Kisite, kilomita za mraba 28, ikawa hifadhi ya taifa ambamo hakuna kuvua kabisa. Mpunguti, kilomita za mraba 11, ikawa hifadhi ambamo mvuvi mwenye mshipi, dema na zana nyingine za jadi anaruhusiwa. "Hatukupata tulichotaka chote," alisema mzee. "Lakini hatukufukuzwa. Nyumba zetu ziko pale pale, makaburi yetu yako pale pale. Samaki wanaokulia Kisite hawajui mpaka, wanatoka wakaja kwetu. Na mgeni akija, ananihitaji mimi."

Hakusema kwamba mambo yote ni mazuri. Sehemu ya fedha za utalii, alisema, huishia kwenye mahoteli ya mbali, na kuna miaka ambayo wageni hawaji. Lakini alisema hayo kama mwenye nyumba anayelalamikia paa lake.

Sisi tuna habari tofauti. Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 katika misitu ya juu ya Kivu ya Kusini. Mwaka 1975 ilipanuliwa kutoka kilomita za mraba 600 hivi hadi karibu 6,000, ikateremka mpaka misitu ya tambarare ya Walikale. UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 1980. Gorila waliozoeshwa wageni pale, ambao picha zao zilisambaa duniani, walizoeshwa na Adrien Deschryver, Mbelgiji, akiongozwa na wafuatiliaji wa Kitwa. Hakuna ambaye angewafikia bila wao. Na ni katika miaka hiyo hiyo ambapo jamii za Watwa ziliondolewa msituni, zikaachwa pembezoni mwa mashamba ya watu wengine bila ardhi. Mlango walioufungua kwa elimu yao ulifungwa mbele yao. Ilichukua karibu nusu karne mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kutoa uamuzi, uliotangazwa mwaka 2024, kwamba haki za Watwa wa Kahuzi-Biega zilivunjwa.

Tulikula mchana Wasini. Kisiwa hakina magari; watu hupita kwa miguu katika vichochoro vya mawe ya matumbawe ya kale. Tuliletewa kaa, samaki wa kupaka, wali wa nazi na mwani wa kukaanga. Baadaye mama mmoja wa makamo alitupeleka kwenye njia ya mbao inayosimamiwa na kikundi cha wanawake wa kijiji. Njia inapita juu ya mikoko na katikati ya bustani ya matumbawe yaliyobaki nchi kavu bahari iliposhuka zamani za kale. Maji ya bamvua huingia chini ya mbao, halafu hutoka. Mama alitusimamisha penye kila aina ya mkoko akatueleza kazi yake: huu wa boriti, huu wa dawa, huu mizizi yake ndiyo nyumba ya kaa na vifaranga vya samaki.

"Pesa ya njia hii inakwenda wapi, mama?" nilimuuliza.

"Inakwenda kwa watoto," alijibu. "Karo, na shule yetu. Na mbao zikioza, tunanunua nyingine. Mikoko ikikatwa, nani atalipa kutembea juu ya tope?"

Sijasikia maelezo ya uhifadhi yaliyo wazi kuliko hayo. Wanawake wale hawalindi mikoko kwa sababu wameamriwa. Wanailinda kwa sababu ni yao, inawalisha, na faida yake wanaihesabu wenyewe mbele ya wenzao.

Najua Masisi na Walikale si Wasini. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Machi ya mwaka huo vita vikafika mpaka Walikale-centre. Mtu anayekimbia na godoro kichwani hana nafasi ya kuzungumza juu ya utalii. Lakini msitu haungoji amani ndipo uwe na mwenyewe. Hati zinaandikwa hata sasa, madini yanachimbwa hata sasa, na siku bunduki zitakapotulia, atakayekuwa ameshika karatasi ndiye atakayeitwa mwenye msitu.

Na sheria tunazo. Tangu mwaka 2014 amri ya serikali ya Kongo inaruhusu jamii kuomba msitu wake wa asili uandikwe kwa jina lake, mpaka hekta 50,000, na baadhi ya jamii za Walikale zimekwisha kuitumia nafasi hiyo. Mwaka 2022 ilipatikana sheria ya kulinda haki za Wapigmi wenyeji, Watwa wakiwa miongoni mwao. Kinachobaki ni sisi Wahunde, Wanyanga na majirani zetu wengine wote kukubali kwamba Mtwa akae kwenye kikao cha msitu kama mwenye neno, na asiitwe tu siku anapohitajika mtu wa kufyeka njia.

Hilo ndilo nililojifunza kwa mzee wa Wasini na kijana wa Mkwiro. Elimu ya mwenyeji ni kubwa kuliko sare na kuliko ramani, lakini haimsaidii kitu asipokuwa na mahali pa kusimama. Wavumba na Wachifundi waligombea mahali pao, wakabaki na nyumba, na maji ya kuvulia, na usukani wa boti. Barabara ya Sake kwenda Masisi itakapopitika, na ile ya Kashebere kwenda Walikale, wageni watakuja kuyaona malisho yetu, misitu yetu na gorila wetu. Wataongozwa na Watwa, hilo halina shaka, maana hakuna wengine wanaojua njia. Ninachowaomba watu wa kwetu ni kwamba jina la mwongozaji huyo lisiishie kwenye orodha ya vibarua. Liwe kwenye hati ya msitu, na kazi ya kuliandika ianze sasa.